Kivuli cha Saa Tatu: Siku Moja ya Mwanafunzi wa Usanifu Majengo Ng'ambo

Mswahili huhesabu saa za mchana tangu jua lichomozapo. Saa moja ya asubuhi ni saa ya kwanza baada ya mapambazuko, na katika nchi zilizo karibu na Ikweta hesabu hiyo haimdanganyi mtu mwezi wowote wa mwaka. Lakini katika mji wa Delft, nchini Uholanzi, siku moja ya katikati ya Januari, saa moja ya asubuhi ni usiku mtupu. Taa za barabarani zingali zikiwaka, maji ya mifereji ni meusi, na jua halitachomoza mpaka saa tatu kasorobo. Ndiyo saa ambayo mwanafunzi mmoja wa usanifu majengo, binti wa miaka 27 mzaliwa wa Tanga, aliamshwa na mlio wa simu yake.

Ujumbe ulitoka kwa mdogo wake aliye kidato cha tatu. "Dada, shikamoo. Saa tatu kamili. Fimbo ya mita moja, kivuli sentimita 138. Kimelala magharibi, kaskazini kidogo."

Tanga ilikuwa saa mbili mbele ya Delft, na jua lilikwisha kupanda. Kijana alikuwa amesimamisha rula ya mita ya maabara ya fizikia katika kiwanja cha shule, kwa idhini ya mwalimu wake, na angeipima tena adhuhuri, wakati kivuli kiwapo kifupi kuliko vyote. Kipimo kilichotakiwa hasa ni hicho cha adhuhuri. Kile cha saa tatu dada yake alikiomba ili kumzoeza kijana kazi tu. Alikisoma, akamjibu "Marahaba, ahsante," akaiweka simu kando, akaondoka kitandani.

Siku hiyo alikuwa na mtihani. Mwaka wa mwisho wa shahada ya pili ya usanifu majengo katika Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Delft una vituo vitano, na katika kila kimoja mwanafunzi husimama mbele ya michoro yake na kuitetea. Kituo cha pili, kifikacho mwezi Januari kwa wale walioanza Septemba, ndicho kiamuacho kama mtu ataendelea na kazi yake au atairudia. Kwa mwanafunzi wa udhamini uliohesabiwa miezi, kurudia si jambo dogo. Kazi aliyoichagua binti huyu ilikuwa zahanati ya kijiji kimoja kilicho karibu na mji wa Tanga, na sehemu yake iliyo kubwa ilikuwa kliniki ya akina mama na watoto.

Saa mbili na nusu alikuwa juu ya baiskeli, chombo ambacho huko hupandwa na profesa, karani na mwanafunzi pasipo tofauti. Njia yake ilipita karibu na Kanisa la Kale, ambalo mnara wake wenye urefu wa mita 75 hivi umeinama kwa takribani mita 2, kwa kuwa ulijengwa mahali palipokuwa mfereji uliofukiwa. Wanafunzi wa usanifu hupita hapo kila siku, wala hawahitaji mhadhara mwingine juu ya udongo na misingi.

Jengo la kitivo chao lenyewe lina hadithi. Tarehe 13 Mei 2008 ghorofa refu la kitivo hicho lilishika moto uliotokana na maji yaliyovuja na kuingia katika mashine ya kahawa. Hakuna aliyepoteza maisha, lakini jengo liliteketea kiasi cha kubomolewa. Kitivo kikahamia katika jumba la zamani la matofali mekundu, ambalo nyua zake mbili ziliezekwa kwa vioo. Katika ua mmojawapo ndimo ilimo karakana ya kutengenezea modeli, yaani mifano midogo ya majengo, na humo binti huyu aliitumia saa nzima kugundisha paa la zahanati yake lililokuwa limebanduka njiani. Gundi na kadibodi hazijui kwamba mtu ana mtihani.

Hapa yafaa kueleza jambo ambalo mwanafunzi atokaye kwetu hukutana nalo mapema akifika Ulaya, na ambalo huchukua muda kumwingia. Ulaya jua halipiti utosini kamwe. Delft iko katika latitudo ya nyuzi 52 kaskazini, na mwaka mzima jua la adhuhuri huonekana upande wa kusini. Katikati ya Januari huinuka nyuzi 17 tu juu ya upeo wa macho, kisha hushuka. Mchana wote ni wa saa 8 na robo hivi. Kwa sababu hiyo msanifu wa huko hufundishwa kuyaelekeza madirisha makubwa kusini na kulikaribisha jua ndani kama mgeni mheshimiwa. Kanuni hiyo ni sahihi kabisa, huko.

Tanga iko nyuzi 5 kusini ya Ikweta. Huko jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, siku za mwanzo za Machi na za mwanzo za Oktoba. Kati ya Oktoba na Machi adhuhuri yake huwa kusini. Miezi saba iliyobaki huwa kaskazini. Mfano mmoja watosha kuonyesha ugeni wa jambo lenyewe. Tarehe 21 Juni, wakati wa adhuhuri, jua huwa limeinuka karibu sawasawa katika miji yote miwili, yaani nyuzi 61 na nusu hivi. Lakini mtu aliyeko Delft hulitazama kwa kuelekea kusini, na aliyeko Tanga kwa kuelekea kaskazini. Siri ni kwamba siku hiyo jua huwa utosini katika Tropiki ya Kansa, nayo hupita takribani katikati ya miji hiyo miwili. Mwanafunzi anayeichukua ramani ya nyumba ya Delft na kuipeleka Tanga bila kuifikiri upya huwa ameubeba upande mmoja wa mbingu na kuuacha mwingine.

Saa nne na nusu ujumbe wa pili ukafika. Tanga ilikuwa adhuhuri ya kweli, ambayo katikati ya Januari huja yapata nusu saa baada ya saa sita, kwa kuwa saa za Afrika Mashariki hufuata meridiani ya nyuzi 45 mashariki na Tanga iko upande wa magharibi wa meridiani hiyo. "Dada, sentimita 30." Hesabu yake mwenyewe ilikuwa imempa sentimita 29. Sentimita moja iliyozidi ingeweza kutokana na kiwanja kisicho sawa, au na mkono wa kijana. Alifurahi kupita kiasi. Wenzake waliokuwa karibu hawakuelewa ni kitu gani cha kufurahiwa katika nambari hiyo. Nayo adhuhuri ya Delft ilipofika, saa saba kasoro dakika 8, alitoka nje na fimbo ya urefu uleule. Bahati jua lilikuwapo, jambo ambalo Januari huko si la kila siku. Kivuli kilikuwa na mita 3 na robo, mara 11 ya kile cha Tanga.

Chakula cha mchana kilikuwa mkate na jibini, kama cha wenzake wote, kikaliwa kando ya michoro. Kulikuwa pia na kitabu kilichochakaa cha miaka ya 1970 juu ya ujenzi katika nchi za joto, kilichoongozwa na Otto Koenigsberger. Asili ya elimu hiyo yastahili kukumbukwa, kwa maana ilianzia katika lalamiko la mwanafunzi. Mnigeria Adedokun Adeyemi, aliyesomea usanifu majengo Manchester, aliona kwamba mengi aliyofundishwa hayakuihusu nchi atakayoijengea, akalisema jambo hilo waziwazi. Mwaka 1953 ukafanyika mkutano juu ya usanifu wa nchi za tropiki katika Chuo Kikuu cha London, na mwaka uliofuata idara ya kwanza ya somo hilo ikafunguliwa katika shule ya usanifu ya Architectural Association mjini humo. Koenigsberger, Mjerumani aliyeukimbia utawala wa Hitler na kufanya kazi ya usanifu India, ndiye aliyekuja kuiongoza kwa miaka mingi.

Wasanifu wetu wa kwanza walisoma ng'ambo kwa kuwa hapakuwa na pa kusomea nyumbani. Beda Amuli alisoma Haifa, Israeli, naye ndiye aliyesanifu Soko la Kariakoo lililofunguliwa mwaka 1975. Paa lake la zege, lililo mfano wa miamvuli iliyopinduliwa, hutia kivuli, huruhusu hewa ya moto kutoka, na hukusanya maji ya mvua. Soko hilo liliungua Julai 2021, lakini wazo lililomo katika paa lile halikuungua. Siku hizi shahada ya kwanza hupatikana Chuo Kikuu Ardhi, Dar es Salaam, ambako binti huyu alisoma, na anayekwenda ng'ambo huenda na kitu mkononi. Hata hivyo mtu akitembea Dar es Salaam leo na kuyaona maghorofa yaliyovikwa vioo pande zote nne, yanayoishi kwa mashine za kupozea hewa, ana haki ya kuuliza ni mbingu ya nchi gani iliyokuwa juu ya meza ya aliyeyachora.

Saa nane mchana mtihani ulianza. Walikuwapo walimu wawili wasimamizi na mjumbe wa bodi ya mitihani. Mwanafunzi alitandaza ramani ya jengo refu jembamba, mita 30 kwa 7, kuta zake ndefu zikielekea kaskazini na kusini, zile fupi mashariki na magharibi.

Mwalimu wa kwanza aliuliza mbona kuta zake hazina tabaka la kuzuia joto kupenya. Swali hili alilitazamia. Joto, alieleza, hutoka penye moto kwenda penye baridi, na kwa kadiri tofauti iwavyo kubwa ndivyo liendavyo kwa kasi. Delft wakati huu nje ni nyuzi 4 za sentigredi na ndani ni 20. Ukuta una kazi ya koti. Tanga mchana wa Januari kivulini ni kama nyuzi 32, na ndani ya nyumba isiyo na mashine hapawezi kupishana sana na hapo. Koti halina kazi. Adui ni paa: bati lililopigwa jua huweza kupita nyuzi 60 na kuwamwagia joto waliokaa chini yake. Kwa hiyo alilipaka paa rangi nyeupe, akaweka dari, akaacha hewa ipite kati ya dari na bati. Rafiki ni upepo, ambao hukausha jasho mwilini. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini-mashariki, na kusi kutoka kusini-mashariki. Kila mmoja huupiga ukuta mrefu kwa mshazari wa nyuzi 45 hivi, na upepo wa mshazari huo bado huingia vizuri dirishani. Jengo hilohilo hupokea pepo zote mbili bila kuligeukia jua la asubuhi wala la jioni.

Mwalimu yule akaridhika. Mwanafunzi akaendelea kwa moyo mkuu kuonyesha upenu wa paa upande wa kaskazini, penye baraza ya kungojea. Alikuwa ameukokotoa: upenu wa mita 1 na sentimita 10 hutia kivuli mita 2 za ukuta katika adhuhuri ya Juni, jua liwapo mbali zaidi kaskazini. Akatoa na ushahidi wa fimbo ya mdogo wake, kwamba hesabu zake zaafikiana na jua lenyewe.

Mwalimu wa pili, mama mmoja mwenye umri mkubwa aliyekuwa hajasema neno, akauliza ni wanawake wangapi huja kliniki kwa siku. Akajibiwa: 40 hivi.

"Zahanati hufunguliwa saa ngapi?"

"Saa mbili asubuhi."

"Na hesabu yako ni ya saa ngapi?"

Hesabu ilikuwa ya saa sita. Chumba kilinyamaza. Mwanafunzi aliitazama baraza yake ndefu ya kaskazini na kuona kile ambacho hakuwa amekiona kwa miezi minne. Asubuhi jua halitoki juu, hutoka ubavuni. Januari hutokea mashariki likiinamia kusini, na baraza ya kaskazini hupata kivuli. Juni hutokea mashariki likiinamia kaskazini, na saa tatu huwa chini sana, kama nyuzi 32 tu. Hupenya chini ya upenu na kuwapiga waliokaa, mama na mtoto mgongoni. Kuihamishia baraza kusini kungeiponya Juni na kuiharibu asubuhi ya Januari. Ubavu wa magharibi peke yake ndio usioguswa na jua la asubuhi mwezi wowote wa mwaka. Lakini ubavu huo, kwa kufuata kanuni njema ya kuta fupi, alikuwa ameupa mita 7. Mtu mmoja akihitaji nusu mita ya benchi, hapo huenea watu 14. Wengine 26 hawakuwa na mahali katika ramani yake.

Hakujaribu kujitetea. Alisema tu kwamba swali ni la haki na kwamba hana jibu. Walimfanya angoje nje dakika 20, kisha wakamwambia kwamba aendelee, kwa sharti: alete michoro ya vivuli vya kila saa, kuanzia saa mbili hadi saa sita, Januari na Juni, pamoja na mahali pa kukaa wanawake 40. Wenzake wakampongeza. Yeye alizipokea pongezi kama mtu aliyerudishiwa deni lake nusu.

Saa kumi na moja jua likatua, na kufika saa kumi na mbili alikuwa chumbani mwake, sufuria ya ugali jikoni, simu sikioni. Tanga ilikuwa saa mbili usiku. Alimpigia shangazi yake, muuguzi aliyefanya kazi miaka mingi katika zahanati za vijijini.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Umefaulu?"

"Nusu, shangazi. Nataka kuuliza. Kule zahanati, akina mama wanaokuja kupima watoto hukaa wapi asubuhi?"

Shangazi alicheka. "Benchi lipo mbele, tangu siku ya ufunguzi. Hawalikalii wakati wa baridi, jua linawachoma macho. Wanatandika kanga nyuma ya stoo, ukutani, wanapanga mstari. Ikifika saa tano jua linawafikia, wanahamia chini ya mwembe. Kwani hukuwahi kuona? Mama yako alikuwa akikupeleka hapo."

Nyuma ya stoo ni upande wa magharibi. Hakuna aliyewafundisha wanawake hao njia ya jua; mkeka na kanga vimekuwa vikikizunguka kivuli cha nyumba tangu nyumba zilipokuwapo, na wazee wa pwani nao huchagua baraza ya asubuhi na baraza ya alasiri bila kufungua kitabu. Msanifu aliyeliweka benchi lile mbele alitaka uso wa jengo upendeze barabarani. Yawezekana naye alikuwa amekokotoa saa sita.

Akarudi mezani, akatandaza karatasi nyepesi juu ya ramani ya mchana. Stoo, vyoo na chumba cha kumbukumbu za wagonjwa, ambavyo havihitaji madirisha makubwa, alivitoa ndani ya lile jengo refu akavipanga katika mstari wa pili uelekeao kaskazini na kusini, wenye urefu wa mita 20. Ukuta wao wa mashariki ndio utakaopokea jua la asubuhi, na hakuna atakayeumia humo, kwa kuwa magunia na mafaili hayatoki jasho. Kati ya mistari miwili aliacha pengo la kupitisha upepo, na sehemu za juu za ukuta mpya akazichorea matofali ya matundu. Upande wa magharibi aliweka benchi moja refu. Mita 20 ni watu 40 kamili.

Kisha akautafuta ule ujumbe wa alfajiri. Sentimita 138 kwa fimbo ya mita moja; ukuta wa mita 3 hutoa kivuli cha mita 4 na ushee, na kwa kuwa kimelala mshazari kidogo, upana wake kutoka ukutani ni mita 4 kasoro kidogo. Akakokotoa na Juni: mita 4. Mwelekeo wa jua hubadilika, lakini upana wa kivuli cha saa tatu haubadiliki sana. Saa nne hubaki mita 2 na zaidi kidogo, miezi yote miwili. Saa tano mita 1 na robo, na hapo upenu huanza kusaidia, na mwembe, kama upo, hupokea waliosalia. Shangazi alikuwa ametaja saa tano.

Tanga ilikuwa imekwisha kufika saa tano ya usiku. Mdogo wake bila shaka alikuwa amelala, lakini ujumbe ungemkuta asubuhi. "Kesho pima tena," alimwandikia, "saa mbili, saa tatu, saa nne na saa tano. Mara hii ya adhuhuri iache. Na uniandikie watu wa hapo shuleni wanakaa upande gani wa darasa wakati wa mapumziko."

Akaizima simu, akachonga penseli, akaanza kuchora kivuli cha saa mbili.